Fyodor Dostoevsky: Mfungwa wa Siberia aliyeingia nafsini mwa muuaji

MTAHINIWA wa fasihi akiulizwa aeleze mgogoro wa mhusika na nafsi yake, aghalabu hujibu kwamba mhusika huyo anataka mambo mawili yasiyopatana. Jibu hilo si baya, na msahihishaji hulitunuku alama. Hata hivyo, haligusi kazi ngumu inayomkabili mwandishi: mambo hayo mawili yataonekanaje, ilhali yote yamo kifuani mwa mtu mmoja? Mrusi Fyodor Dostoevsky alitumia takriban miaka 20 kulitafuta jibu. Kabla ya kulipata alikuwa amedhihakiwa na wahakiki, amesomewa hukumu ya kifo, amefungwa minyororo miguuni kwa miaka minne na kuutupa motoni muswada aliokuwa ameukesha.

Alizaliwa mjini Moscow tarehe 30 Oktoba, 1821, kwa kufuata kalenda ya zamani ya Urusi ambayo katika karne hiyo ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 12. Tarehe za Urusi katika makala haya ni za kalenda hiyo. Babake alikuwa daktari katika hospitali ya maskini, na familia iliishi papo hapo hospitalini. Mamake alifariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1837. Mwaka huohuo kijana alipelekwa St Petersburg, ambako alijiunga na chuo cha wahandisi wa kijeshi, taaluma ambayo hakuipenda hata kidogo. Mwaka wa 1839 babake naye alifariki ghafla kijijini, na uvumi ukaenea kwamba aliuawa na wakulima waliokuwa watwana wake. Uvumi huo haukuthibitishwa, ila mwana aliishi nao.

Alihitimu mwaka wa 1843 na mwaka uliofuata akajiuzulu jeshini ili aishi kwa kalamu. Riwaya yake ya kwanza, Watu Maskini, ilisomwa na marafiki wawili usiku kucha, nao wakashindwa kusubiri kupambazuke. Walimgongea mlango saa kumi alfajiri kumpongeza. Mmoja wao alikuwa mshairi Nekrasov, na ndiye aliyeufikisha muswada kwa Belinsky, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote Urusi. Belinsky akausifu mno. Dostoevsky alikuwa na umri wa miaka 23.

Sifa hizo hazikudumu. Riwaya ya pili, iliyotoka mwaka wa 1846, ilimhusu karani mmoja wa serikali, Golyadkin, ambaye siku moja anakutana na mtu anayefanana naye kwa sura, jina na hata kazi. Pacha huyo ni mjanja, mwenye maneno matamu na asiyejua haya, yaani ni yote ambayo karani wetu anatamani kuwa na anaogopa kuwa. Mwishowe pacha anakinyakua kiti cha mwenzake, naye Golyadkin anapelekwa kwa wenye wazimu.

Hapa ndipo tunapoliona jaribio la kwanza. Mwandishi amemchukua mtu anayepigana na nafsi yake, akampasua vipande viwili na kuviachilia barabarani viandamane. Ni njia rahisi, nayo ina kasoro yake: pindi adui anapopewa miguu na koti lake, vita si vya ndani tena. Wahakiki walichoka, wakasema kitabu ni kirefu na kinajirudia. Dostoevsky mwenyewe, miaka 30 baadaye, alishikilia kwamba wazo lile lilikuwa zito kuliko mengi aliyowahi kuyaleta katika fasihi, ila akakubali kuwa umbo alilolipa lilimshinda.

Pengine angeendelea hivyo, mwandishi wa wastani mwenye madeni, lau si serikali. Alikuwa akihudhuria vikao vya Ijumaa nyumbani kwa Petrashevsky, ambapo vijana walijadili utwana, udhibiti wa magazeti na ujamaa wa Kifaransa. Katika kikao kimoja alisoma kwa sauti barua iliyopigwa marufuku ambamo Belinsky alimshambulia mwandishi Gogol kwa kuitetea serikali na kanisa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Aprili, 1849, alikamatwa. Baada ya miezi minane katika ngome ya Petro na Paulo, asubuhi ya tarehe 22 Desemba, yeye na wenzake walipelekwa katika uwanja wa Semyonovsky. Walisomewa hukumu ya kupigwa risasi, wakavishwa mashati meupe ya maiti na kupewa msalaba waubusu. Watatu wa kwanza walifungwa kwenye nguzo. Dostoevsky alikuwa katika kundi la watatu waliofuata, na kwa hesabu yake alikuwa na dakika chache tu.

Bunduki zilikuwa zimeshaelekezwa ndipo ikaja amri ya Tsar Nicholas wa Kwanza ya kuwasamehe kifo. Mambo yote yalikuwa yamepangwa mapema, wafungwa waonje kifo ndipo warudishiwe uhai. Mmoja wa wale waliofungwa kwenye nguzo, Grigoryev, alirukwa na akili. Dostoevsky alipewa miaka minne ya kazi ngumu Siberia, kisha utumishi wa askari wa kawaida. Karibu miaka 20 baadaye, katika riwaya ya Mpumbavu, alimpa mhusika wake kisa cha mtu anayezigawanya dakika zake za mwisho: hizi za kuwaaga wenzake, hizi za kujifikiria, hizi za kuitazama dunia. Aliyekisoma kisa hicho bila kuijua asubuhi ile ya Desemba angedhani ni ubunifu mtupu.

Njiani kuelekea gerezani, mjini Tobolsk, wake za wafungwa wa kisiasa wa uasi wa 1825 walimpa Agano Jipya lililofichwa rubli 10 ndani ya jalada. Ndicho kitabu pekee kilichoruhusiwa gerezani, naye alikihifadhi hadi kufa. Gereza la Omsk lilimweka katika bweni moja na wauaji, wezi na waghushi pesa. Wengi wao walimchukia kwa kuwa alikuwa wa tabaka la mabwana. Kifafa kilichomwandama maisha yake yote kilithibitika huko.

Omsk ilimfunza jambo ambalo vitabu havikuwa vimemfunza. Katika Kumbukumbu za Nyumba ya Wafu, alizoanza kuchapisha mwaka wa 1860, alieleza kwamba kwa miaka mingi hakuona miongoni mwa wafungwa wale dalili ya majuto. Wengi waliamini ndani kwa ndani kwamba hawakukosa. Viboko viliuumiza mgongo na minyororo ikayachubua maungo, lakini nafsi ilibaki kama ilivyokuja. Swali likamganda akilini: ikiwa adhabu ya serikali haifiki ndani, ni adhabu gani inayofika?

Alirejea St Petersburg mwishoni mwa 1859, akiwa na mke, Maria Isaeva, mjane aliyemwoa Siberia mwaka wa 1857. Ndoa yenyewe haikuwa na raha. Pamoja na kakake Mikhail alianzisha jarida, likafungwa na serikali mwaka wa 1863, wakaanzisha lingine. Kisha ukaja mwaka wa 1864. Maria alifariki Aprili, Mikhail akafariki Julai, na Dostoevsky akajitwika madeni ya jarida na jamaa ya kakake aliyoacha.

Kando ya kitanda cha mkewe aliyekuwa akifa ndipo alipoandika Kumbukumbu za Chini ya Ardhi. Humo karani mstaafu, asiye na jina, anajibishana na wasikilizaji asiowaona. Akisema jambo anajikana, akijikana anajicheka, akijicheka anatuuliza kama tunadhani anatania. Hilo ni jaribio la pili. Pacha amerudi ndani, mgogoro umekuwa sauti inayojikata yenyewe. Kina chake hakina mfano. Hata hivyo mtu yule husema tu, na maneno hayana gharama. Mtu anaweza kubishana na nafsi yake hadi kesho asubuhi bila ya chochote duniani kubadilika.

Majira ya kiangazi ya 1865 alisaini mkataba ambao wakili yeyote angemkataza kuutia mkono. Mchapishaji Stellovsky alimpa rubli 3,000. Iwapo hangeleta riwaya mpya kabla ya tarehe 1 Novemba, 1866, Stellovsky angekuwa na haki ya kuchapisha kazi zake zote kwa miaka tisa bila malipo. Fedha nyingi zikaishia kwa wadai. Kwa kilichobaki akasafiri hadi Wiesbaden, Ujerumani, kucheza kamari, na kwa siku tano akapoteza kila kitu pamoja na saa yake. Aliomba Turgenev amkopeshe thaler 100, akapata 50, nazo zikaenda zilikoenda zile nyingine. Hoteli ilikataa kumpa chakula, ikampa chai tu.

Katika chumba hicho, mwenye njaa na mdaiwa, alianza kuandika kuhusu mwanafunzi mwenye njaa na mdaiwa. Septemba alimwandikia mhariri Katkov wa jarida la Mjumbe wa Urusi akimweleza wazo lake. Kijana aliyefukuzwa chuoni anaamua kumuua kikongwe anayekopesha fedha kwa rehani ili amwokoe mamake na dadake. Hakuna anayemshuku. Lakini hisia ya kutengwa na wanadamu wenzake inamtesa hadi anajipeleka mwenyewe. Katkov akampelekea rubli 300.

Mwanzoni aliiandika kwa nafsi ya kwanza, kama ungamo la muuaji. Kufikia mwisho wa Novemba 1865 sehemu kubwa ilikuwa tayari, naye akaichoma yote akaanza upya. Naona uamuzi huo ndio uliomfanya Dostoevsky tunayemjua. Katika ungamo, mhusika ndiye anayetueleza hali yake, na kila anachokisema tayari kimepita katika fikira zake. Mwandishi alihitaji msimulizi anayemfuata mhusika unyounyo, bega kwa bega, lakini anayeuona pia mwili wake ukifanya yale ambayo akili haikuyaagiza. Madaftari yake yamehifadhiwa, na yanaonyesha akisitasita hata kuhusu sababu ya mauaji. Je, kijana aliua kwa ajili ya mamake, au kujithibitishia kuwa ni mtu wa jamii ya Napoleon? Mwandishi hakuchagua. Alimwachia kijana sababu zote, zigombane.

Jina lenyewe, Raskolnikov, limetokana na neno la Kirusi linalomaanisha mpasuko, neno lililotumiwa kwa waumini waliojitenga na kanisa katika karne ya 17. Lakini mpasuko wenyewe tunausoma katika vitendo. Raskolnikov amehesabu hatua 730 kutoka mlangoni pake hadi kwa kikongwe. Amejishonea kitanzi ndani ya koti cha kulibebea shoka. Halafu anaota yu mtoto mdogo, akiwatazama walevi wakimpiga farasi dhaifu hadi kufa, akamkumbatia farasi yule damu ikimchuruzika. Anaamka akitetemeka, anaukana mpango wote na kujihisi huru. Jioni hiyohiyo anarudi nyumbani kwa njia ndefu isiyo na maana, akipitia sokoni, na huko anasikia kwa bahati kwamba kesho saa moja usiku kikongwe atakuwa peke yake.

Anaua. Mlango ameuacha wazi, na kwa mlango huo anaingia Lizaveta, dadake kikongwe, mpole asiyemkosea mtu. Anamuua naye pia. Nadharia yake haikuwa na nafasi ya Lizaveta.

Tazama pia mahali mauaji yalipowekwa. Riwaya ina sehemu sita na tamati, na damu inamwagika katika sehemu ya kwanza. Mwandishi wa hadithi za upelelezi angetuficha muuaji hadi mwisho; huyu anatupa muuaji mapema, kisha anatumia kurasa zote zilizobaki kuonyesha mtu akikimbizwa na nafsi yake. Polisi wanamwita kwa sababu ya kodi ya nyumba tu, naye anazirai mbele yao. Mali aliyoiba anaifukia chini ya jiwe uani bila hata kuufungua mkoba, na mahakamani majaji wanastaajabu kwamba hajui umo na rubli 317. Fedha zake za mwisho anampa mjane maskini amzike mumewe. Mamake na dadake, ambao alidai anaua kwa ajili yao, wanapofika mjini na kumkumbatia, mikono yake haiinuki, anaanguka sakafuni. Ndiyo ile adhabu isiyopatikana Omsk. Hapana hakimu aliyeitoa.

Uhalifu na Adhabu ilitoka kwa mfululizo katika jarida la Katkov kuanzia Januari hadi Desemba 1866, wakati ambapo sehemu za awali za Vita na Amani ya Tolstoy zilikuwa zikitoka humo humo. Januari hiyo hiyo mwanafunzi mmoja jijini Moscow, Danilov, alimuua mkopeshaji wa rehani pamoja na mtumishi wa kike, na wasomaji wakashangaa kuona gazeti likifuata riwaya. Wahariri hawakuridhika na kila kitu. Walimlazimisha kuiandika upya sura ambayo Sonia, binti aliyeingia katika ukahaba kwa ajili ya kulisha familia, anamsomea muuaji kisa cha Lazaro.

Riwaya hii ina dosari zake. Watu wanasikiliza mno nyuma ya milango, wanakutana mno kwa bahati. Na tamati, ambamo Raskolnikov, aliyefungwa miaka nane Siberia, anageuka moyo hatimaye, inakwenda mbio kuliko kitabu kingine chote. Hata hivyo mwandishi alikuwa mwaminifu kwa Omsk kiasi cha kutomfanya ajute mara tu anapokiri. Kwa muda mrefu gerezani kijana anaona kosa lake ni kushindwa tu.

Athari ya kitabu hiki imefika kwetu Kenya kwa njia ya mzunguko. Joseph Conrad, Mpolandi aliyeandika kwa Kiingereza na ambaye wazazi wake walihamishwa kwa nguvu na serikali ya Urusi, hakumpenda Dostoevsky hata chembe. Lakini mwaka wa 1911 alitoa riwaya, Under Western Eyes, ambayo wahakiki wengi huiona kama jibu kwa Uhalifu na Adhabu: mwanafunzi Razumov anamsaliti mwenzake, anatukuzwa na wale wasiojua, kisha anaungama. Ngũgĩ wa Thiong'o alimsoma Conrad kwa kina akiwa Makerere. Katika A Grain of Wheat ya mwaka wa 1967, Mugo aliyemsaliti Kihika anasifiwa kuwa shujaa, hadi anaposimama mbele ya umma na kusema ukweli. Wanaomfundisha Mugo darasani wanafundisha, wajue wasijue, ukoo ulioanzia katika chumba cha hoteli cha Wiesbaden.

Turudi kwa mkataba wa Stellovsky. Oktoba 1866 ilimkuta Dostoevsky hajaandika hata neno la riwaya aliyodaiwa. Tarehe 4 mwezi huo alifika kwake binti wa miaka 20 aliyejifunza hati mkato, Anna Snitkina. Alimwimlia Mcheza Kamari, ikamalizika kwa siku 26. Stellovsky aliondoka mjini makusudi asiipokee. Muswada ukakabidhiwa kituo cha polisi kwa stakabadhi, saa chache kabla ya muda kwisha.

Baada ya siku chache alimwambia Anna kwamba anatunga riwaya nyingine. Mhusika mkuu ni mchoraji wa makamo, mgonjwa, mwenye madeni, anayempenda msichana mdogo kwake. Je, mwenzangu, yamkini msichana kama huyo ampende mtu kama yule, ama mwandishi atakuwa amepotoka katika kusawiri nafsi yake? Anna alijibu kwamba yamkini, ikiwa ana moyo mwema. Ndipo Dostoevsky akamwomba ajiweke mahali pa msichana yule. Walifunga ndoa Februari 1867. Mtu huyu hakujua kuuliza neno zito la maisha yake ila kwa kupitia mhusika.

Miaka minne iliyofuata waliishi ng'ambo wakiwakimbia wadai. Anna aliweka rehani pete za ndoa na mavazi yake ili mumewe acheze kamari. Binti yao wa kwanza, Sonia, alizaliwa Geneva mwaka wa 1868 na kufa kabla ya kutimiza miezi minne. Kamari aliiacha kabisa mwaka wa 1871. Waliporejea Urusi, Anna alishika uchapishaji wa vitabu yeye mwenyewe, akayalipa madeni pole pole. Katika makala zake za miaka hiyo Dostoevsky alionyesha pia upande wake mbaya, chuki dhidi ya Wayahudi na Wapolandi ambayo hakuna kipaji kinachoweza kuifunika.

Mei 1878 mwanao Alyosha, asiyetimiza miaka mitatu, alifariki kwa kifafa, maradhi aliyoyarithi kwa babake. Dostoevsky alizuru makao ya watawa ya Optina kutafuta faraja. Riwaya ya mwisho, Ndugu Karamazov, iliyotoka 1879 na 1880, ina mama anayemlilia mtoto wa umri huohuo mbele ya mtawa mzee. Ndugu mdogo kabisa ameitwa Alyosha. Baba fisadi anayeuawa ameitwa Fyodor, jina la mwandishi. Na Ivan, msomi aliyetamani babake afe bila kunyoosha mkono, anatembelewa chumbani na shetani aliyevaa suti iliyochakaa kidogo. Ni pacha wa Golyadkin amerudi baada ya miaka zaidi ya 30, safari hii bila msomaji kuwa na hakika kama kweli kuna mtu kitini.

Januari 1881 alianza kutapika damu. Asubuhi ya tarehe 28 alimwomba Anna afungue lile Agano Jipya la Tobolsk mahali popote na kusoma; kwa aliyoyasikia akaelewa kwamba siku yake imefika. Alifariki jioni hiyo, akiwa na miaka 59. Maelfu ya watu waliusindikiza mwili hadi makaburi ya Alexander Nevsky. Anna alikuwa na umri wa miaka 34. Hakuolewa tena, akaendelea kuchapisha vitabu vya mumewe na kuhifadhi barua na madaftari yake, hadi alipofariki mjini Yalta mwaka wa 1918.